Sura ya Saba: Fremu ya Kariakoo na Hesabu za Juni

Wiki ya kwanza ya Julai 2019 nilipanda ngazi za jengo moja la Kariakoo kumfuata mwenye nyumba wetu. Kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi ya uhasibu ilikuwa na maduka kumi na manne, Dar es Salaam na Morogoro, na hilo la Kariakoo ndilo lililokuwa likiuza kuliko yote. Nilikuwa nakwenda kuomba karatasi tu: nakala ya mkataba wa pango yenye saini, maana ya kwetu tuliitafuta katika makabati yote tusiione.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kodi si mmeshalipa?"

Nikamweleza kwamba kodi imelipwa, ninachohitaji ni mkataba. Akavuta mtoto wa meza, akatoa karatasi mbili zilizobanwa kwa pini, zimegongwa muhuri wa wakili. Mkataba wa mwaka mmoja, Januari hadi Desemba. Nikamuuliza kama mwakani ana nia ya kutuongezea muda.

"Mwanangu, mmejenga chumba cha baridi humo ndani, kuta zote mmeweka vigae, yule aliyewapisha mmempa kilemba. Halafu unaniuliza kama mtaongeza? Karatasi inasema mwaka mmoja kwa sababu huku ndivyo tunavyoandikiana. Nyie mtakaa hapo mpaka mchoke wenyewe."

Alikuwa akinipa maneno ya kawaida ya Kariakoo. Mimi nilishuka ngazi nikijua kwamba kauli yake inaweza kuingiza deni la zaidi ya shilingi milioni 170 katika mizania yetu ya Juni 30, deni ambalo halikuwamo katika mizania yoyote tuliyowahi kuitoa.

Mwaka huo tulikuwa tumeanza kutumia kiwango kipya cha uhasibu wa pango, IFRS 16. Tanzania inafuata Viwango vya Kimataifa vya Taarifa za Fedha tangu Julai 1, 2004, kwa uamuzi wa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Kenya ilitangulia mwaka 1999. Kwa hiyo bodi inayotunga viwango hivyo kule London ikibadili kanuni, mabadiliko yanafika Kariakoo, Gikomba na Mwanza kwa tarehe ileile yanayofika Frankfurt. IFRS 16 ilitolewa Januari 2016 na kuanza kazi Januari 1, 2019. Miaka mitatu ilitolewa ili watu wajiandae. Sisi, kama kampuni nyingi ninazozifahamu, tuliitumia miaka miwili na nusu kusema bado kuna muda.

Kwa nini kanuni ibadilishwe? Kwa kanuni ya zamani, kampuni iliyokodi jengo au ndege iliandika kodi kama gharama ya kila mwezi, na ahadi ya kuendelea kulipa kwa miaka kumi ijayo ilikaa katika maelezo ya nyuma, nje ya mizania. Sir David Tweedie, aliyeiongoza bodi hiyo ya London kuanzia 2001 hadi 2011, alizoea kusema kwamba anatamani, kabla hajafa, apande ndege ambayo imo katika mizania ya shirika linaloirusha. Alikuwa na haki ya kulalamika. Bodi ilipokadiria, iliona kampuni zilizoorodheshwa katika masoko ya hisa duniani zina ahadi za pango za kama dola trilioni 3.3, na zaidi ya asilimia 85 ya ahadi hizo hazikuwa katika mizania. Kwetu Afrika Mashariki mfano wa ndege unaeleweka upesi: Kenya Airways hurusha baadhi ya ndege kwa kukodi, na ndege nyingi za Air Tanzania wakati ule zilikuwa za Wakala wa Ndege za Serikali, shirika likizikodi. Ila kwa kampuni za kawaida suala lenyewe ni fremu, ghala na ofisi.

Hapa niseme neno kuhusu lugha. Kiswahili chetu kinatumia "kodi" kwa anayodai TRA na kwa anayodai mwenye nyumba. Katika mazungumzo haina shida. Katika hesabu inaleta vurugu, kwa hiyo kuanzia hapa ya mwenye nyumba nitaiita pango.

Tuchukue fremu moja kwa tarakimu nilizozirahisisha. Pango ni shilingi milioni 60 kwa mwaka, linalipwa lote Januari 1, kama ilivyo desturi ya mjini. Tuseme tutakaa miaka mitano, na benki ingetukopesha kwa riba ya asilimia 15. Januari 1, 2019 tumelipa milioni 60 za kwanza, zimebaki milioni 60 mara nne. Milioni 240 hizo, kwa kuwa zitalipwa mbele ya safari, thamani yake leo kwa riba ile ni kama milioni 171.3. Hilo ndilo deni la pango. Ukijumlisha na zile 60 ulizokwisha kulipa unapata milioni 231.3, nayo ndiyo thamani ya haki ya kutumia fremu kwa miaka mitano. Inaandikwa upande wa mali.

Sasa tazama miezi sita inavyokwenda. Haki ile inachakaa milioni 46.3 kwa mwaka, hivyo kufikia Juni 30 uchakavu ni 23.1. Deni nalo linazaa riba, karibu milioni 12.4 kwa nusu mwaka. Jumla ni milioni 35.5. Kwa kanuni ya zamani tungeandika pango la milioni 30 tu. Faida ya nusu mwaka imepungua milioni 5.5 na hakuna senti ya ziada iliyotoka benki. Miaka mitano ikiisha, jumla itakuwa milioni 300 kwa kanuni zote mbili. Mwaka wa tano hautakuwa na riba yoyote, utabeba uchakavu peke yake, na faida itaonekana nzuri kuliko ambavyo ingeonekana zamani. Kanuni mpya imehamisha mzigo kuuleta mbele, na wa kwanza kuubeba ni ripoti ya Juni.

Ndiyo maana nasema kiwango kipya kinaanza kutumika Juni, wala si Desemba. Watu wengi katika kampuni hudhani hesabu za nusu mwaka ni za kupitisha muda mpaka wakaguzi waje mwezi wa pili. Lakini mwanahisa na benki huziona tarakimu zilizobadilika kwa mara ya kwanza katika ripoti hiyo, fupi kuliko zote, iliyoandaliwa haraka kuliko zote, na mara nyingi bila mkaguzi kuigusa.

Ripoti ya nusu mwaka ina kiwango chake, IAS 34, kilichotolewa mwaka 1998. Kinaruhusu taarifa iwe ya muhtasari: mizania, mapato na matumizi, mabadiliko ya mtaji, mtiririko wa fedha, na maelezo machache yaliyochaguliwa. Kinahimiza kampuni za soko la hisa zitoe ripoti hiyo ndani ya siku 60 baada ya kipindi kwisha. Kinakubali pia kwamba makadirio yatakuwa mengi kuliko ya mwisho wa mwaka. Huna lazima ya kuhesabu kila katoni katika kila ghala, unaweza kukadiria bidhaa kwa kutumia faida ghafi ya kawaida, mradi ukadirie kwa uaminifu.

Kisichoruhusiwa ni kulainisha. Juni ile meneja wetu wa mauzo alikuja na ombi ambalo kwake lilikuwa la haki kabisa. Kampeni ya Desemba itagharimu pesa nyingi, akauliza, kwa nini nusu yake isiwekwe Juni ili mwaka ulingane? Nikamwambia Juni 30 hatudaiwi na mtu yeyote kwa tangazo ambalo halijatengenezwa. Kipimo cha IAS 34 ni rahisi: jiulize kama mwaka ungeishia leo, je, gharama hii ungeiandika? Kama usingeiandika Desemba 31, usiiandike Juni 30. Na jenereta lililokufa Machi, matengenezo yake yanabaki Machi, hata kama litanguruma mpaka mwakani. Kodi ya TRA ndiyo inayokwenda tofauti: unakadiria kiwango cha wastani kwa mwaka mzima, ukakitumia kwa faida ya miezi sita.

Hilo la kutolainisha lina maana kubwa zaidi pwani yetu kuliko vitabu vya Ulaya vinavyoeleza. Vitabu hutoa mfano wa Krismasi, sikukuu isiyohama. Biashara yetu inategemea Ramadhani na Idi, na mwezi huandama mapema kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2016 Idi ilikuja Julai, mauzo ya mkesha yakaangukia nusu ya pili. Mwaka 2019 Idi ilikuwa mwanzoni mwa Juni. Mwaka 2025 Ramadhani yote ilimezwa na robo ya kwanza. Anayelinganisha robo ya pili na robo ya pili bila kuambiwa hayo atadhani duka limeanguka. IAS 34 inadai kampuni ieleze misimu yake, na sijaona mahali ambapo sentensi mbili za maelezo zina kazi kubwa kama hapa.

Tarakimu za kulinganisha zilitutesa kuliko kitu kingine. Mizania ya Juni 30, 2019 inawekwa kando ya ile ya Desemba 31, 2018. Mapato ya Januari hadi Juni 2019 yanawekwa kando ya Januari hadi Juni 2018. IFRS 16 iliruhusu kampuni kutorudi nyuma kurekebisha mwaka 2018, na wengi tulichukua njia hiyo kwa kuwa ni nafuu. Matokeo yake, safu ya 2018 ina pango, safu ya 2019 ina uchakavu na riba. Ni kama kupima mchele kwa kibaba na unga kwa mizani, kisha uulizwe upi umezidi. Faida kabla ya riba, kodi na uchakavu, ambayo mabenki huipenda, ilipanda kwa milioni 30 kwa fremu ile moja bila kuuza hata pakiti moja ya majani ya chai zaidi. Katika mtiririko wa fedha, malipo ya pango yalihama kutoka shughuli za biashara kwenda kwenye ulipaji wa madeni, na biashara ikaonekana inazalisha pesa nyingi ghafla.

Kwa sababu hiyo maelezo ya mabadiliko ndiyo moyo wa ripoti ya nusu mwaka katika mwaka wa kwanza. IAS 34 inataka kampuni iseme kama sera zake za uhasibu ni zilezile za mwaka uliopita, na kama zimebadilika ieleze nini kimebadilika na athari yake. Rasimu yetu ya kwanza ilisema hivi: "Kampuni imeanza kutumia IFRS 16 na menejimenti inaendelea kutathmini athari zake." Niliiandika mimi. Mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi, mama mmoja aliyestaafu kazi ya benki, aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Tathmini inaendelea, na tarakimu mmeshaziweka kwenye mizania?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mmeshatathmini. Mniandikie mlichokiona."

Usiku ule niliandika upya. Deni la pango lililoingia Januari 1 ni kiasi gani. Wastani wa riba tuliyotumia ni asilimia ngapi. Faida ya miezi sita ingekuwa ngapi kama kanuni ya zamani ingebaki. Na kwa nini ahadi za pango tulizotangaza Desemba 2018 hazilingani na deni la Januari 1, ilhali kati ya tarehe hizo mbili kuna usiku mmoja tu. Jibu la swali hili la mwisho liliniuma: sehemu ya tofauti ilitokana na riba na vipindi vya kuongeza muda, lakini sehemu nyingine ilikuwa mikataba mitatu ambayo makao makuu hatukuwahi kuijua, imekaa katika madroo ya mameneja wa matawi. Tuliisema hivyo katika maelezo. Nikajifunza kwamba kutumia kiwango kipya ni kwanza kazi ya kwenda kuulizana na watu, ndipo ije kompyuta.

Riba yenyewe ilitupa mabishano ya siku mbili. Ukitumia asilimia 12 kwa fremu ile, deni linakuwa milioni 182. Ukitumia 18, linashuka hadi 161. Hakuna jedwali la serikali linalokupa riba hiyo. Unaulizia benki wangekukopesha kwa ngapi, kwa muda huo, kwa dhamana ya namna hiyo, kisha unatunza barua ya jibu lao kwenye faili, kwa sababu mkaguzi atakuja kuiomba.

Maduka mawili yalikuwa ndani ya majengo makubwa ya biashara yanayotoza pango kwa dola, na huko kulikuwa na mtego. Deni la dola hutafsiriwa upya kila unapofunga hesabu, haki ya kutumia jengo inabaki kwa shilingi za siku ya kwanza. Chukua deni la dola 100,000. Kwa 2,300 ni shilingi milioni 230. Dola ikifika 2,500, kama ilivyokuja kutokea miaka michache baadaye, ni milioni 250. Hasara ya milioni 20 inaingia katika matokeo, na hakuna kitu upande wa mali cha kuifidia. Mhasibu asiyelieleza hilo Juni atalieleza Desemba akiwa na jasho. Machi 2025 kanuni za serikali zilipiga marufuku bei na malipo ya dola kwa biashara za ndani, mikataba ya namna hiyo ikalazimika kubadilishwa, na kila badiliko la mkataba ni hesabu mpya ya deni.

Mabenki yalipitia mtihani wao mwaka mmoja kabla yetu. Kuanzia Januari 1, 2018, IFRS 9 iliwataka watenge fedha kwa hasara ya mikopo wanayoitarajia, wasingoje mpaka mkopaji ashindwe. Mkopo ukichelewa siku 30, inachukuliwa kwamba hatari imepanda, isipokuwa benki ithibitishe vinginevyo, na hapo itatengwa hasara ya maisha yote ya mkopo badala ya miezi 12. Marekebisho ya siku ya kwanza yalikatwa moja kwa moja katika faida iliyolimbikizwa, hayakupita kwenye matokeo ya mwaka. Msomaji wa magazeti aliyezitazama zile taarifa za robo mwaka za mabenki aliona mtaji umepungua na faida haina dosari, akabaki anajiuliza pesa zimekwenda wapi.

Kinachokuja sasa ni kipana zaidi. IFRS 18, iliyotolewa Aprili 2024, itaanza Januari 1, 2027 na itapanga upya taarifa ya mapato ya kila kampuni: shughuli za uendeshaji, za uwekezaji, za ugharimiaji, pamoja na jumla ndogo ambazo kila mmoja lazima azioneshe kwa namna moja. Safari hii hakuna njia nafuu, mwaka wa kulinganisha lazima urekebishwe. Na ripoti za kipindi katika mwaka wa kwanza lazima zitumie vichwa vipya tangu mwanzo. Kampuni itakayotoa ripoti ya Juni 2027 itahitaji Januari hadi Juni 2026 kwa mpangilio huohuo. Kama akaunti katika mfumo hazikufunguliwa upya kabla ya 2026, kuna mtu atakuja kuzichambua ankara moja moja kwa mkono. Namwonea huruma tangu sasa, na namsihi mkuu wake asimpe likizo ya kusubiri.

Turudi kwa mzee wa Kariakoo. Katika kufunga hesabu za Juni 2019 tulibishana kama mkataba wake ni wa mwaka mmoja au mitano. Mkataba wa miezi 12 au pungufu unaweza kubaki nje ya mizania, kiwango kinaruhusu, sawa na vitu vidogo ambavyo vikiwa vipya thamani yake ni kama dola 5,000 kushuka chini. Mhasibu mkuu aliitaka nafuu hiyo, na karatasi ilikuwa upande wake. Mimi nilileta mezani mchoro wa chumba cha baridi. Kuondoka kungetufanya tubomoe kitu ambacho hakijatumika hata nusu ya maisha yake. Tukakubaliana miaka mitano kwa Kariakoo, maduka mengine yenye mikataba kama hiyo tukayaacha mwaka mmoja.

Novemba 2019 kamati ya tafsiri ya viwango ikajibu swali hilohilo, lililoulizwa na wengine huko duniani: katika kupima muda wa pango, usitazame adhabu iliyoandikwa mkatabani tu, tazama hasara yote ya kiuchumi ya kuondoka, ikiwamo kubomoa ulichojenga. Kariakoo tulikuwa sawa. Maduka matatu mengine tulikosea, yalikuwa na rafu na vigae vyetu vya miaka mingi. Hesabu za Desemba zikabeba madeni ambayo ripoti ya Juni haikuwa nayo, na tukaandika maelezo ya kwa nini. Juni 2020 ilipofika, safu ya Juni 2019 ilichapishwa ikiwa na neno "zilizorekebishwa" juu yake.

Na Juni hiyo ya 2020 ilikuja na mambo yake. Biashara ilikuwa imelala kwa sababu ya korona, wenye nyumba wengine wakaanza kupunguza pango. Mei 28, bodi ya London ilitoa nyongeza ya IFRS 16 iliyowaruhusu wapangaji waliopata nafuu hiyo wasipige hesabu ya pango upya kana kwamba mkataba umebadilika, ilimradi nafuu ihusu malipo yaliyopaswa kufanyika kabla ya Juni 30, 2021 au siku hiyo. Zilikuwa zimebaki wiki tano kufunga nusu mwaka. Mzee wetu alikuwa amesema kwa simu kwamba Januari atatupunguzia milioni kumi. Kwa simu haitoshi. Nikapanda tena zile ngazi, safari hii nikiwa na barakoa na kalamu, akasogeza kikombe cha kahawa, akachukua karatasi yenye mistari, na kwa mwandiko wake wa madrasa akaandika tarehe kwanza, kisha kiasi.